IST ya Tabata: tinti imeharibika, nani alipe?

Gari ni Toyota IST ya toleo la kwanza, rangi ya fedha. Mwenye gari ni dada anayeishi Tabata Segerea na kufanya kazi Posta. Jumamosi moja ya Agosti alimwita fundi tinti wa kuja nyumbani, akalipa Sh 90,000 kwa vioo vya milango minne na kioo cha nyuma. Wiki ya tatu baadaye walikuwa hawapokeleani simu. Mimi nami naweka tinti, nina banda langu, na aliyeniingiza kwenye ugomvi huu ni mtu anayewajua wote wawili. Alitaka nilitazame gari kisha niseme bila kupepesa: fundi kaharibu, au mteja ni mkorofi?

Malalamiko ya dada yalikuwa matano, na aliyapanga vizuri kuliko wateja wengi ninaowajua. Vioo vimejaa vidoti. Karatasi ya mlango wa dereva imebanduka upande wa juu. Usiku akirudi nyuma haoni kitu. Joto liko palepale. Na kioo cha abiria wa mbele hakishuki tena kwa swichi ya upande wa dereva. Fundi alikuwa na jibu moja la kuyafunika yote: "Nilimwambia asishushe vioo, akashusha." Jibu hilo linahusu lalamiko moja tu, na hata hilo halilimalizi.

Nilisikiliza kila mmoja peke yake kabla sijagusa gari. Maelezo yao kuhusu siku yenyewe hayakupishana sana, jambo ambalo si la kawaida kwenye ugomvi wa mafundi na wateja.

Nyumba ya dada ina uwanja wa mchanga. Upande wa pili wa ukuta jirani anajenga, na siku ile vijana walikuwa wanafyatua tofali. Agosti Dar hakuna mvua ya maana na upepo wa kusi unavuma kutwa. Gari liliwekwa chini ya mwembe kwa sababu ndipo penye kivuli. Fundi alifika na bodaboda saa nne asubuhi, begi mgongoni, roli mbili za karatasi ndani ya bomba la plastiki, hita ya kukunjia karatasi, chupa za kupulizia, wembe na mipira ya kukamulia maji. Umeme aliuvuta sebuleni kwa waya mrefu. Maji alipewa kwenye ndoo, yametoka kwenye tangi la kisima. Kufika saa sita kivuli kilikuwa kimehama, upande wa dereva ukawa juani. Saa nane na nusu alikuwa amefunga begi. Kuna gari Kimara lilikuwa linamsubiri.

Kwa mtu asiye wa kazi hii, hapo hakuna cha kushangaza. Mimi niliposikia mwembe, mchanga, tofali na maji ya kisima kwa pamoja, nilijua nitakachokikuta kabla sijafungua mlango. Fundi wa kuja nyumbani anakuja na vifaa vyake, lakini karakana haji nayo. Karakana ni uwanja wako: vumbi lako, upepo wako, maji yako. Sasa kama fundi hakuuliza habari za uwanja kwenye simu, na mteja hakujua kwamba uwanja ni sehemu ya kazi, basi sehemu kubwa ya ubora imeshaamuliwa kabla karatasi haijatoka kwenye bomba. Kwa maoni yangu anayepaswa kuuliza ni fundi. Mteja hawezi kujua.

Vidoti

Gari nililiangalia jioni. Niliketi siti ya nyuma, nikawasha tochi ya simu na kuielekeza kwenye kioo kwa ubavu, si moja kwa moja. Mchana vidoti vyote vinafanana, ndiyo maana mteja anasema "mabaka" na fundi anajibu "maji hayo, yatakauka", na kila mmoja anaamini anasema kweli. Kwa mwanga wa ubavuni vinatofautiana.

Maji yaliyobaki chini ya karatasi yanaonekana kama ukungu wa maziwa, au kijifuko bapa ambacho ukikigusa taratibu kinasogea. Hayo kweli hukauka yenyewe. Yanaweza kuchukua siku chache, yanaweza kuchukua wiki kadhaa, inategemea jua na karatasi. Kwa jua la Dar, wiki ya tatu nilitegemea yawe yameisha, na kweli yalikuwa yameisha. Hewa ni kitu kingine: kiputo chenye ukingo mkali, kinang'aa, hakisogei na hakiondoki. Vumbi ni kinundu kidogo ambacho ukipitisha ukucha juu yake unakisikia. Katikati kuna chembe, na kuizunguka kuna duara la hewa kwa sababu karatasi imeinuliwa pale haikushika kioo. Milango ya upande wa mwembe ilikuwa na vinundu hivyo vingi sehemu ya chini, karibu na mpira wa kioo, mahali ambapo vumbi la ndani ya mlango hupanda na maji fundi anapoingiza karatasi. Kwenye kimoja niliona unyweleo wa taulo, mrefu kabisa, umelala kama ulivyowekwa.

Kitu cha nne ndicho kilichonichukua muda. Mlango wa nyuma kushoto ulikuwa na vinukta vyeupe vidogo sana, havina kinundu, ukipitisha ukucha husikii chochote. Vilikuwa vimejipanga kwa michirizi inayoshuka. Nilimwomba dada anionyeshe birika lake la kuchemshia maji. Ndani lilikuwa na ganda jeupe.

Maji ya visima sehemu nyingi za Dar yana chumvi, na kila anayeyatumia anajua yanavyofanya birika, bomba na hata rangi ya ukuta. Karatasi ya tinti hubandikwa kwa maji yenye tone la sabuni laini, wengi wetu tunatumia shampuu ya watoto, ili iteleze mpaka ikae inapotakiwa. Kisha maji yanakamuliwa nje kwa mpira. Hayatoki yote. Yanayobaki hupita polepole na kukauka, na yakikauka kila kilichokuwa ndani yake kinabaki kati ya gundi na kioo. Maji safi hayaachi kitu. Maji ya kisima yanaacha chumvi, na hiyo haiondoki mpaka karatasi ing'olewe. Fundi aliniambia hajawahi kufikiria suala la maji kwa sababu kwao Mbagala anatumia ya kununua. Nilimwamini. Lakini dumu la maji ya kunywa linauzwa dukani kila mtaa, na kazi ya gari zima haimalizi dumu.

Vidoti, basi, ni vya fundi. Mchanga na tofali hakuvileta yeye, ila alivikuta akaamua kuanza. Angeweza kumwagia uwanja maji kwanza, angeweza kuomba gari lipelekwe penye sakafu, angeweza kuahirisha. Gari la Kimara ndilo lililoamua.

Kubanduka

Mlango wa dereva karatasi ilikuwa imejikunja juu, upana wa vidole viwili, na ukingo umeshika uchafu. Hapa ndipo fundi aliposimamia: alimwambia asishushe.

Alimwambia nini hasa? Wote wawili walikubaliana na maneno: "Leo usishushe vioo, dada." Dada hakushusha siku ile. Hakushusha Jumapili pia, maana hakutoka. Jumatatu asubuhi alifika kwenye geti la ofisi, mlinzi akagonga kioo atazame kitambulisho, akashusha. Kioo kiliporudi juu, ukingo wa karatasi ukaingia kwenye mpira wa fremu ukiwa bado mbichi. Ukasukumwa.

Gundi ya karatasi hizi inashika mara moja kiasi cha kukudanganya, lakini inahitaji siku tatu, nne, wengine husema tano, kabla kioo hakijaanza kupanda na kushuka. "Leo" ilikuwa maelekezo yasiyotosha. Tena mteja wa Dar anayekwenda kazini Jumatatu hawezi kuishi bila kushusha kioo cha dereva: kuna geti, kuna askari wa usalama barabarani, kuna maegesho ya kulipia. Fundi anayejua hivyo anauliza kabla ya kupanga siku: gari litapumzika lini? Wengine wanabandika kipande cha selotepu juu ya swichi ili mkono usijisahau. Ni kitu cha bure kabisa.

Nilipotazama kwa karibu niliona na sababu ya pili. Karatasi ilikuwa imekatwa sawasawa na ukingo wa kioo, hata kuzidi kidogo sehemu moja. Inatakiwa iache ufa mwembamba juu, milimita moja au mbili, ili mpira usiukute ukingo wa karatasi wakati kioo kinapanda. Ukiona gari ambalo tinti yake imefika mwisho kabisa, inapendeza siku ya kwanza. Sehemu ile iliyozidi ndiyo iliyoanza kubanduka. Kwa hiyo hata dada angesubiri wiki nzima, pengine ingebanduka, ila ingechelewa.

Giza na joto

Huku ndiko kwenye mambo, na huku ndiko wote wawili walikokuwa hawaelewi walichokinunua na walichokiuza.

Dada alitaka vioo vifanane. Gari lilikuwa na milango ya mbele yenye vioo vyeupe na ya nyuma yenye giza, na kioo cha nyuma kilikuwa na karatasi ya zamani ya mmiliki aliyetangulia, imegeuka zambarau. Karatasi za bei nafuu zilizotiwa rangi tu ndivyo zinavyoishia. Jua linakula rangi moja kabla ya nyingine, inabaki zambarau. Fundi alimwambia: tunang'oa ile, tunaweka "ishirini" kote, vinafanana. Ishirini ni asilimia ya mwanga unaopita. Namba ikiwa ndogo giza linazidi.

Sasa tazama kilichokuwepo tayari. Magari mengi yanayotoka Japani yanakuja hivyo, mbele meupe na nyuma meusi, kwa sababu sheria ya kule inataka kioo cha mbele na vioo vya milango ya mbele vipitishe mwanga usiopungua asilimia 70. Nyuma hawabanwi hivyo, basi kiwanda kinaweka vioo vyenye rangi. Giza lile halikubandikwa, limo ndani ya kioo chenyewe. Njia rahisi ya kujua ni kushusha kioo kidogo na kutazama ukingo wake wa juu: kama ni karatasi utaona mahali inapoanzia, kama ni kioo cha rangi hutaona mpaka wowote.

Vioo vya nyuma vya aina hiyo hupitisha takriban robo ya mwanga, vingine zaidi kidogo, vingine pungufu. Ukibandika juu yake karatasi ya 20, hupati 20. Unapata asilimia 20 ya robo ile, yaani 5. Milango ya mbele nayo: kioo cheupe hakipitishi mwanga wote, kinapitisha kama 80 hivi, ukiweka karatasi ya 20 unapata 16. Dada alilipia vioo vifanane, akapewa 16 mbele na 5 nyuma. Havifanani, na nyuma ni usiku mtupu.

Kitu cha kuuma ni hiki. Wangeacha vioo vya nyuma uchi kama vilivyotoka kiwandani, baada ya kung'oa ile zambarau, wakaweka karatasi ya 30 kwenye milango miwili ya mbele tu, hesabu ingetoka 24. Mbele 24, nyuma robo. Vingefanana kiasi cha macho kutotofautisha, kwa karatasi ya vioo viwili badala ya vitano, na dada angeona anaporudi nyuma. Kuna mafundi wanaojua hesabu hii na hawaisemi kwa sababu vioo vitano vinalipa kuliko viwili. Huyu hakuwa mmoja wao, alikuwa haijui. Nilimwandikia kwenye kiganja cha mkono wake, akaitazama kwa muda.

Na mlango wa dereva ukiwa na giza la 16, mlinzi atagonga, askari atagonga. Wanaosema "Ulaya wanaweka nyeusi kote" wamuulize ndugu yao aliye Uingereza: milango ya mbele kule ni asilimia 70 na askari wana kipimo mkononi. Nyuma ndiko wanakoachiwa.

Tuje kwenye joto. Dada alikuwa na hakika kwamba giza likizidi joto linapungua. Si yeye peke yake, mji mzima unaamini hivyo. Nguvu ya jua inayoingia kwenye gari si mwanga unaoonekana tu. Karibu nusu yake ni mionzi ya joto ambayo jicho haliioni, na sehemu ndogo ni ile inayobabua ngozi na kupausha dashibodi. Karatasi ya rangi inazuia mwanga unaoonekana kwa kuumeza. Ikiumeza inapata moto, kioo kinapata moto, na sehemu ya moto ule unarudi ndani ya gari. Gusa kioo chenye karatasi hiyo saa saba mchana kwa upande wa ndani, utaelewa. Haina maana haisaidii kabisa, inasaidia kiasi. Lakini karatasi nyeupe karibu kabisa iliyotengenezwa kuzuia mionzi ya joto, zile zinazoitwa za seramiki, inaweza kuipita nyeusi ya 5 kwa ubaridi. Njia ya kupima dukani ni taa ya joto: weka karatasi kati ya taa na mkono wako, si macho yako. Roli za fundi huyu hazikuwa na jina wala lebo, kwa hiyo hakukuwa na cha kumuuliza.

Halafu nikamuuliza dada jua linamchoma wapi. Akasema usoni na mikononi, asubuhi na jioni.

Anakaa Tabata, anafanya kazi Posta. Asubuhi anaelekea mashariki, jua linachomoza mbele yake. Jioni anarudi magharibi, jua linazama mbele yake. Safari zote mbili kwenye foleni, kichwa cha gari kimelitazama jua, na linaingia kwa kioo kikubwa cha mbele, kioo pekee ambacho hakuna aliyekigusa wala aliyepaswa kukitia giza. Vioo vitano vilivyobandikwa vilikuwa vinazuia jua ambalo kwa saa zake za safari halikuwa linakuja upande huo kwa nguvu. Fundi hakuuliza anaendesha saa ngapi na kuelekea wapi. Sijui mafundi wengi wanaouliza, na ni swali la sekunde kumi.

Swichi na nyaya

Swichi haikuwa na mjadala. Kwenye mlango wa dereva, pale mkono unapopumzika, kuna swichi za vioo vyote, na maji ya kubandikia yanashuka kioo moja kwa moja kuelekea hapo. Unatandika taulo kavu, au mfuko wa plastiki na taulo juu, unaendelea. Fundi alitandika taulo moja tu, ikalowa, akaendelea nayo. Fundi umeme aliifungua swichi akakuta vishikizo vimeota kutu ya kijani, akavisafisha, kioo kikashuka. Fundi tinti alilipia bila kubisha.

Nyaya za kioo cha nyuma zilileta mabishano. Ile mistari ya kahawia inayokatiza kioo ni ya umeme, hupata moto na kuondoa ukungu. Mtu wa Dar atakuambia ni pambo la Wajapani, hajawahi kubonyeza kitufe chake. Ila dada huyu kwao ni Njombe, na anaendesha kwenda kila Desemba. Njombe ukungu si hadithi.

Ile karatasi ya zambarau ilikuwa imezeeka, na iliyozeeka ukiivuta inatoka karatasi na kuacha gundi. Fundi alikwangua gundi kwa wembe. Mistari ile imechapwa juu ya uso wa ndani wa kioo, haimo ndani yake, wembe unaichukua. Nilimulika kutoka nje nikaona mikato mitatu, myembamba, safi, kwenye mistari mitatu inayofuatana, na ukiiunganisha kwa jicho inakaa kwenye mshazari mmoja. Huo ndio mwendo wa mkono mmoja, mara moja. Nikawasha swichi ya kuondolea ukungu, asubuhi na mapema gari likiwa bado na baridi ya usiku, nikasubiri kidogo kisha nikapapasa: mistari mingine ina uvuguvugu, mitatu ile imepoa. Fundi alisema mmiliki wa zamani ndiye aliyekata. Nilimwomba apapase mwenyewe, nikamwonyesha mshazari. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi ni mimi, kaka."

Njia ya kuing'oa bila wembe ipo na haihitaji mashine. Unapulizia maji ya sabuni kwenye kioo upande wa nje, unabandika mfuko mweusi wa taka uliokatwa kwa umbo la kioo, kisha unafunika na mwingine ndani juu ya karatasi ya zamani iliyoloweshwa, na gari linaachwa juani. Joto linaegemea kwenye ule mweusi, gundi inalainika, na karatasi inavutwa polepole na gundi yake. Inataka saa moja au zaidi ya jua na inataka subira. Fundi mwenye gari la pili Kimara hana saa hiyo.

Kazi ilivyorudiwa

Tulikubaliana fundi arudie yeye mwenyewe, mimi nikiwepo. Nilikataa kuichukua kazi; ningekuwa hakimu na mfanyabiashara kwa wakati mmoja. Mahali tulipata kwenye banda la kuoshea magari karibu na kwa dada: sakafu ya zege, bati juu, pande tatu zimezibwa. Mwenye banda alitupa Jumapili asubuhi kabla wateja wake hawajaanza. Sakafu ilimwagiwa maji usiku wake na tena alfajiri, vumbi likalala.

Karatasi za vioo vya nyuma vyote ziling'olewa kwa mfuko na jua siku ya kabla yake, vioo vikaachwa uchi. Mistari mitatu ilifanyiwa kazi wakati kioo kikiwa wazi, kwa rangi ya fedha inayopitisha umeme: unabandika selotepu mbili kuacha mfereji mwembamba, unapaka, unasubiri ikauke, unabandua. Kioo kikiwa na karatasi hufanyi hivyo, kwa hiyo lilikuwa jambo la kufanywa sasa au lisifanywe.

Milango ya mbele iliwekwa karatasi ya seramiki ya 35, nayo inatoa 28 kwenye kioo cheupe. Nilimwacha fundi afanye kwa mikono yake na nilichokiona kilinithibitishia kwamba tatizo halikuwa mikono. Alifungua mlango, akashusha kioo sentimita chache na kusafisha ukingo wa juu, kwa sababu ukingo ndio unaoficha uchafu. Alikata karatasi kwa nje ya kioo, akaipunguza juu akiacha ule ufa. Alipulizia hewa ya ndani ya gari maji kidogo ili vumbi lishuke. Alimenya ngozi ya karatasi huku akipulizia maji kwenye gundi kila inapofunuka, mikono yake miwili ikiwa imelowa, akaiweka, akaitelezesha, akakamua kutoka katikati kwenda pembeni kwa mkono mzito usio na haraka. Maji yalikuwa ya dumu. Taulo zilikuwa mbili na mfuko chini yake. Alipomaliza mlango wa dereva alibandika selotepu juu ya swichi bila kuambiwa, akaandika kwa kalamu: ALHAMISI.

Kuhusu kioo kikubwa cha mbele nilimshauri dada asubiri. Karatasi nyeupe ya kuzuia joto inawezekana, ila ni ghali, inataka mkono mwingine kabisa wa kuikunja kwa hita, na sheria ya kioo cha mbele ni vizuri aiulize kwa askari wenyewe kabla hajatoa hela. Kwa sasa amenunua pazia la kukunja la kuweka ndani ya kioo gari likiegeshwa, na miwani ya jua ya kuendeshea.

Hesabu ya fedha ilikaa hivi. Dada hakurudishiwa chochote katika ile 90,000, naye hakulipa tena ufundi. Aliongeza tofauti ya bei ya karatasi ya seramiki kwa vioo viwili, kwa sababu hiyo ni bidhaa bora kuliko aliyoilipia mwanzo. Swichi, rangi ya fedha na kodi ya banda vilikuwa juu ya fundi. Fundi alitaka dada alipie nusu ya banda, kwa hoja kwamba uwanja wake ndio ulioharibu kazi ya kwanza. Nilimkatalia. Uwanja aliuona alipofika, akafungua begi.

Mistari miwili kati ya mitatu imerudi kupata moto. Mmoja wa chini umekataa, na dada amesema ataenda nao Njombe hivyohivyo.